Risasi ipi, kalibu ipi: mwongozo kamili wa kumimina chubwi za nyavu na ndoana

Malalamiko ninayopata kutoka kwa wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu na Ziwa Jipe, na kwa mafundi wa Moshi mjini wanaowatengenezea vifaa, yanafanana sana. Mtu kanunua risasi (ile metali laini na nzito, si ya bunduki) kwa wauza vyuma chakavu, kaazima kalibu ya kumiminia, kayeyusha, kamimina. Anafungua kalibu anakuta chubwi, yaani uzito wa kuzamisha wavu au ndoana, imejaa nusu, au ina mikunjo mwili mzima, au inaonekana nzuri lakini ikibanwa kwenye kamba ya wavu inakatika vipande viwili. Anaongeza moto. Hali inakuwa mbaya zaidi.

Mara nyingi moto hauna kosa. Kosa lilishafanyika wakati wa kuchagua risasi na kalibu, kabla mkaa haujawashwa. Ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye kuchagua kuliko kwenye kumimina.

Jambo moja kuhusu video za mtandaoni. Nyingi ni za Wamarekani wanaomimina risasi za bastola za kuwindia, na mahitaji yao ni tofauti na yako. Wao hutafuta mchanganyiko mgumu utakaohimili mwendo ndani ya mtutu, na huupima kwa kipimo cha ugumu cha Brinell: risasi safi ni kama 5, ya vipande vya kubalansi magurudumu ni 9 hadi 12, ya herufi za zamani za uchapaji hufika 22. Wewe unayebana chubwi kwenye kamba unahitaji ile ya 5. Ukifuata ushauri wao neno kwa neno, chubwi zako zitakatika. Na risasi za silaha usizijaribu kabisa; hapa Tanzania zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

## Kabla ya yote: risasi ni sumu

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto akiingiwa na risasi huharibika ubongo, na madhara hayo hayarudi nyuma. Mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Huko Thiaroye-sur-Mer, Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 kwa vumbi la risasi kutoka betri kuukuu. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliumizwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kwa hiyo masharti haya hayana mjadala. Usiyeyushe jikoni, barazani, wala uani ambako watoto wanacheza au kuku wanachakura. Mjamzito na mtoto wasiwepo kabisa. Usile, usinywe, usivute sigara mpaka uoge mikono kwa sabuni. Kama huna sehemu ya wazi iliyo mbali na nyumba, nunua chubwi zilizo tayari, au tumia uzito wa chuma au wa udongo uliochomwa. Kwa nyavu nyingi vinafanya kazi vizuri tu.

## Vifaa

Tafuta vyote kwanza. Ukianza kukimbia kutafuta plaizi wakati risasi imeshayeyuka, ndipo ajali zinapotokea.

- Chungu cha chuma kizito. Mwombe fundi wa kuchomelea akuungie bamba la milimita 4 au zaidi, kiwe na kitako kipana na mpini imara.
- Upawa wa chuma wenye mdomo wa kumiminia.
- Jiko la mkaa lisiloyumba, au jiko la gesi lenye miguu mipana.
- Kalibu (tutaichagua hatua ya 2) na jiriwa au plaizi ya kuibana.
- Ondo (fimbo nyembamba) ya chuma ya milimita 4, au spoku ya baiskeli, ya kutengenezea tundu la kamba.
- Mshumaa na kibatari.
- Miwani ya usalama, glovu za ngozi za wachomeleaji, viatu vya ngozi vilivyofunika mguu, suruali ndefu ya pamba. Nailoni huyeyukia kwenye ngozi.
- Mizani ndogo ya gramu.
- Kopo la chuma lenye kifuniko, la kuwekea mavi ya risasi, yaani uchafu unaoelea juu ikiyeyuka.

Sufuria ya alumini usiitumie. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, na mkaa unaopulizwa hupita hapo bila shida. Tena hulegea mapema kabla ya kuyeyuka. Kopo la maziwa nalo ni jembamba, maungio yake huachia. Kumbuka uzito pia: chungu chenye upana wa sentimita 10, kikijazwa risasi hadi kina cha sentimita 4 tu, kimebeba zaidi ya kilo 3 za kimiminika kinachounguza hadi mfupa.

Chochote kitakachogusa risasi hakirudi tena jikoni. Kipige alama ya rangi nyekundu ili hata mgeni asikosee.

## Hatua ya 1: Chagua risasi kwa kazi yake

Jiulize swali moja: chubwi hii itabanwa, au itaning'inia?

Ya kubanwa kwenye kamba ya wavu inataka risasi laini, karibu safi. Ikunjwe na kukunjuliwa bila kupasuka.

Ya kuning'inia kwenye mshipi wa ndoana, inayoburuzwa kwenye mawe, inafaa iwe na antimoni kidogo, metali inayoigumisha risasi. Inakuwa ngumu, haichubuki haraka, na hujaza kona za kalibu vizuri kuliko risasi safi.

Hapa Moshi na Arusha chanzo cha karibu ni mafundi wa matairi. Vipande vinavyobanduliwa wakati wa kubalansi magurudumu viko vya aina mbili. Vya kubandika kwa gundi, vikiwa vya risasi kweli, huwa laini sana. Vya kupachika kwenye ukingo wa rimu kwa kibanio cha chuma, vikiwa vya risasi, vina antimoni. Usivichanganye. Mwambie fundi, "Kaka, niwekee za gundi pembeni na za kibanio pembeni," naye atakuelewa.

Tatizo ni kwamba vingi siku hizi si risasi. Ulaya ilizuia vipande vya risasi kwenye magari mapya kuanzia 2005, na magari mengi tunayoagiza hufika na vipande vya zinki au chuma. Kila kipande kipimwe, hata kama cha zinki ni kimoja tu kati ya mia:

1. Soma maandishi. Pb ni risasi, Zn ni zinki, Fe ni chuma.
2. Kama hakina maandishi, kibane kwa plaizi ya kukatia. Risasi huingiwa na meno ya plaizi kwa urahisi. Zinki hugoma.
3. Kidondoshe kwenye sakafu ya saruji. Risasi hutoa kishindo kizito, kifupi. Zinki na chuma hulia.
4. Kwaruza kwa ukucha uliovaa glovu nyembamba, au sugua kwenye karatasi. Risasi laini huacha mstari wa kijivu.

Kwa nini niwe mkali hivi juu ya zinki? Vipande vichache vikiyeyukia chunguni huharibu kilo zote. Uso wa risasi unakuwa mzito na wenye mabonge, unafanana na uji ulioanza kuganda, na haujazi tena kalibu. Hakuna njia rahisi ya kuitoa nyumbani. Wengi wanaolalamika kuhusu chubwi nusu, ukichungulia chungu chao utaukuta uji huo.

Betri, hapana. Najua sahani za betri ni za bei rahisi na zinapatikana kila kona ya Unga Limited ya Arusha na Mbuyuni ya Moshi. Zina asidi, zina vumbi la sumu, na za kisasa zina metali ambazo mavi yake yakipata unyevu yanaweza kutoa gesi zenye arseniki na antimoni. Chache tu ya gesi hizo inaua. Watoto wa Thiaroye walikufa kwa betri. Ukipewa bure, kataa.

Umefanikiwa ukiona: una mafungu mawili yaliyotengana, laini na gumu, na fungu la tatu la zinki na chuma la kurudisha kwa muuza skrepa. Chukua kipande cha fungu laini, kikunje mara mbili kwa plaizi. Hakijapasuka? Kinafaa kwa wavu.

## Hatua ya 2: Chagua kalibu kwa uzito na kwa idadi

Kalibu ya alumini ya vipande viwili ndiyo ninayompendekezea kila anayeanza. Inapata joto haraka, haishiki kutu, na risasi haiiambati. Fundi wa kukereza anaweza kukutobolea kwenye vipande viwili vilivyobanwa pamoja na kuwekewa pini mbili za kulinganisha. Pini hizo usizisahau; bila pini nusu mbili hazitakutana sawasawa hata siku moja.

Ya chuma hudumu zaidi na hushikilia joto, lakini inachelewa kupata moto na inashika kutu masika yote.

Ya mbao ngumu inafaa kwa chubwi chache za majaribio. Inaungua taratibu, na mbao isiyokauka hutoa mvuke.

Ya saruji au plasta iache. Saruji hubeba maji ndani hata ikionekana kavu, na ikikutana na risasi ya moto inaweza kuruka vipande. Plasta nayo ina maji yaliyofungwa ndani yake ambayo jua haliwezi kuyatoa.

Sasa uzito. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3. Mfano halisi: kalibu ya silinda yenye kipenyo cha milimita 12, ikiwa na ondo ya milimita 4 katikati, na urefu wa sentimita 2.6, inakupa chubwi ya takriban gramu 30. Ukitaka gramu 60, ongeza urefu mara mbili, upana uache ulivyo.

Kama kalibu ni ya kuazima na hujui inatoa uzito gani, ifunge, weka ondo mahali pake, jaza mchanga laini mkavu uliochekechwa, kisha umimine mchanga huo kwenye bomba la sindano lililotolewa sindano. Mililita utakazosoma zidisha kwa 11.3. Wengi hutumia maji kwa kipimo hiki. Mimi nakataa maji, kwa sababu tone likijificha kwenye kona ndilo litakalolipuka baadaye.

Chubwi ndogo zina hatari yake. Ndege wa majini huziokota wakidhani ni kokoto za kusagia chakula, wakafa. Uingereza ilizuia kuuza chubwi za risasi za gramu 0.06 hadi 28.35 mwaka 1987, baada ya bata maji kufa kwa wingi. Nyumba ya Mungu ina ndege wengi, na sisi ndio tunaokula perege wa humo. Kwa uzito wa chini ya gramu 30 tumia chuma.

Mwisho, angalia mifereji ya kutolea hewa. Fungua kalibu, tazama uso wa ndani. Kama ni laini kama ulivyotoka kwenye mashine, hewa haina pa kutokea na kona hazitajaa. Kwaruza mistari myembamba kwa ncha ya kisu, kutoka kwenye tundu hadi ukingoni. Iwe myembamba kiasi cha kupitisha hewa na kuzuia risasi.

Umefanikiwa ukiona: ukiibana kalibu na kuielekeza juani, huoni mwanga kwenye maungio isipokuwa kwenye ile mistari.

## Hatua ya 3: Kausha kila kitu

Hii ndiyo hatua fupi kuliko zote, na ndiyo inayopofusha watu. Tone moja la maji likizama chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hutupa risasi usoni mwako.

Skrepa, upawa, kalibu na ondo vyote vipashwe joto kandokando ya jiko mpaka huwezi kuvigusa kwa mkono mtupu. Risasi yote iwekwe kwenye chungu kikiwa baridi, iyeyuke pamoja nacho. Ukihitaji kuongeza, kipande kilichopashwa tu ndicho kinaingia, taratibu, kwa upawa. Wingu likianza kushuka kutoka mlimani, zima jiko. Usimimine chini ya bati linalovuja, na usimimine ukiwa unatokwa jasho linalodondoka.

## Hatua ya 4: Yeyusha na usafishe

Simama upepo ukitokea mgongoni kwako. Risasi safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327. Iache ifike karibu 370 hadi 400, isizidi hapo. Zinki huyeyuka kwenye 419, kwa hiyo ukiutunza moto, kipande cha zinki kilichokuponyoka kitaelea juu kikiwa kigumu, na utakiopoa kwa upawa pamoja na vibanio vya chuma. Hii ndiyo faida kubwa ya moto wa wastani.

Huna kipimajoto? Chovya kijiti kikavu kabisa. Kikibadilika kahawia na kutoa moshi mwembamba, uko karibu. Uso wa risasi safi ukianza kuchora rangi za dhahabu, buluu na zambarau mara tu baada ya kuusafisha, moto umezidi. Chungu kikianza kuwa chekundu, ondoka, acha kipoe. Hapo mvuke wa risasi umeanza kuwa mwingi. Barakoa ya kitambaa haiuzuii.

Dondosha kipande cha nta ya mshumaa chenye ukubwa wa punje ya hindi. Itafuka moshi, uwashe kwa kiberiti cha mpini mrefu ili uungue. Koroga ukikwangua kuta na kitako cha chungu. Nta husaidia antimoni na stani (metali nyingine inayochanganywa na risasi) zirudi kwenye risasi, uchafu ubaki juu ukiwa unga mweusi. Uopoe huo unga taratibu, bila kuupeperusha, uweke kwenye kopo la chuma.

Umefanikiwa ukiona: uso unang'aa, na ukiinua upawa risasi inatiririka nyembamba bila mabonge.

## Hatua ya 5: Mimina

Paka ndani ya kalibu moshi wa kibatari, utando mwembamba tu. Ondo nayo ipake. Moshi huu huzuia kuambata, na hupunguza kasi ya risasi kupoa kabla ya kufika kona.

Bana kalibu kwa jiriwa, juu ya sinia la chuma. Mimina mfululizo, bila kusita, mpaka shingo, yaani tundu la kumiminia, ijae na kubaki na kilima kidogo. Risasi husinyaa inapoganda, na kilima hicho ndicho kinachojazia pengo. Bila hicho utapata shimo katikati.

Tazama shingo. Ikiganda ndani ya sekunde 3 hadi 5, joto la kalibu ni sawa kwa chubwi za ukubwa huu. Ikiganda papo hapo, kalibu ni baridi. Ikikaa zaidi ya sekunde 10, ipumzishe.

Chubwi za mwanzo zitatoka na mikunjo hata kwa fundi mzoefu, kwa kuwa kalibu bado inatafuta joto lake. Zirudishe chunguni na endelea kwa mwendo uleule. Wengi hukata tamaa hapa, wakaongeza mkaa, wakaunguza risasi bure, kumbe zilibaki chache tu kalibu ishike.

Ondo ichomoe chubwi ikiwa bado ya moto, kwa plaizi, ukiizungusha. Ukisubiri ipoe, risasi itakuwa imeikaba.

Usiitumbukize chubwi kwenye maji. Iache ipoe kwenye sinia.

Umefanikiwa ukiona: uso laini unaong'aa kidogo, kingo kali, tundu limenyooka. Pima tano kwenye mizani. Zikitofautiana kwa gramu moja au mbili, mvuvi hatazijua. Kisha chukua moja ya zile za wavu, ipasue upande mmoja kwa msumeno, ibane kwenye kipande cha kamba, ifungue, ibane tena.

## Ikikataa

Mikunjo: kalibu baridi, au ina mafuta ndani. Ipashe, ifute, ipake moshi upya.

Uso wa kijivu uliopauka, wenye punje: kalibu imezidi joto. Chubwi inafaa kutumika, punguza mwendo tu.

Kona hazijajaa ingawa uso ni mzuri: hewa. Rudi kwenye mifereji.

Mbawa nyembamba pembeni: kalibu haikubanwa vizuri, au kuna chembe ya risasi kwenye uso wa maungio. Ikwangue kwa kijiti cha mbao. Ukitumia bisibisi utaichubua, na mbawa zitakuwa za kudumu.

Inakatika ikibanwa: umetumia fungu gumu. Hakuna moto utakaoirekebisha. Iyeyushe uitumie kwa ndoana.

## Ukimaliza

Acha risasi iliyobaki igande chunguni. Mwagia maji eneo la kazi siku hiyohiyo tu baada ya kila kitu kupoa kabisa, kisha zoa uchafu ukiwa umelowa ili vumbi lisipande. Kufagia kukavu ndiko kunakoingiza sumu mapafuni na kuipeleka hadi nyumbani kwa nyayo. Vua nguo na viatu vya kazi kabla ya kuingia ndani, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Kopo la mavi ya risasi lifunge, liandike SUMU, liweke juu ambako mtoto hafiki. Usilimwage shambani, chooni, wala kwenye mfongo (mfereji wa kumwagilia). Maji yaleyale yananywesha migomba na ng'ombe wa walio chini yako. Likijaa, waulize NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, utaratibu wa kulikabidhi.

Kalibu ya chuma ipake mafuta mepesi kabla ya kuihifadhi. Siku ya kuitumia tena, yafute na kuyachoma yote kwanza.